Prolini haipandi, MDA imepanda mno: utatuzi wa vipimo vya ukame kwenye miwa

Kiangazi kikipamba moto, wanafunzi wa kilimo na waagronomu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, huteremka bonde la Ruzizi, kuanzia Kamanyola na Luvungi hadi Sange na Kiliba, ambako miwa ilianza kulimwa kwa ajili ya kiwanda miaka ya 1950. Wanarudi na majani ya miwa, wanaingia labo, na baada ya wiki chache malalamiko yanakuwa yaleyale. Prolini, asidi-amino ambayo mmea hujilimbikizia ukikosa maji, imekataa kupanda. Rangi haitoki. Aina iliyopata namba nzuri labo ndiyo iliyokauka ya kwanza shambani.

Nimeyapanga hapa kwa dalili. Chini ya kila dalili natanguliza sababu inayotokea mara nyingi, na ukaguzi usiogharimu kitu kabla ya ule wa kemikali. Jambo moja lisisahaulike tangu mwanzo hadi mwisho: kipimo cha jani kinaeleza hali ya jani saa lilipokatwa. Peke yake hakithibitishi kwamba muwa unavumilia ukame.

Kabla ya kugusa kemikali yoyote

Pima kwanza maji yaliyomo ndani ya jani, yaani RWC. Unahitaji mizani nzuri, maji safi na oveni tu. Uzito wa jani bichi toa uzito mkavu, gawanya kwa uzito wa jani lililoshiba maji toa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Muwa uliomwagiliwa vizuri kwa kawaida huwa juu ya asilimia 85. Kama miwa yako "iliyonyimwa maji" nayo iko hapo juu, bado haijaona kiu, na hakuna dawa ya labo itakayokuonyesha kiu isiyokuwepo.

Halafu zungumza na mwenye shamba. "Papa, maji ya mfereji yalifika huku mara ya mwisho siku gani?" Swali hilo limeokoa kazi nyingi. Mara nyingi jibu ni "juzi usiku", kwa sababu jirani alifungua mfereji wake na maji yakapenya hadi kwenye mistari uliyodhani ni mikavu.

Dalili ya 1: Prolini ni ileile kwenye miwa mikavu na iliyomwagiliwa

Sababu ya kwanza ni hiyo niliyoitaja: ukame haujafika. Chimba sentimita 40 hadi 60 kando ya shina, ufinyange udongo mkononi. Ukishikana na kubaki donge, mizizi bado inakunywa. Kwenye ndoo au mifuko ya plastiki hali ni kinyume, udongo mdogo hukauka kwa siku chache tu, na jani linaweza kuungua kabla mmea haujapata nafasi ya kujipanga. Kwa hiyo matokeo ya ndoo na ya shamba yasichanganywe kwenye jedwali moja.

Sababu ya pili ni jani lisilo sahihi. Jani changa lililojikunja katikati na jani la chini linaloanza kuzeeka yana kemia tofauti kabisa. Chukua jani ambalo kwenye hesabu ya Kuijper huitwa +1: la kwanza kutoka juu ambalo ukosi wake, pale bapa linapokutana na ala, unaonekana wazi. Kata kipande cha katikati ya bapa, ondoa mshipa mkubwa wa kati. Mshipa huo ni mzito, una maji mengi na seli chache za kijani, na ukiusaga pamoja na bapa unapunguza namba bila kujua.

Sababu ya tatu ni saa. Anayeanza kukata mstari uliomwagiliwa saa mbili asubuhi na kufikia mstari mkavu saa saba mchana hajalinganisha maji, amelinganisha asubuhi na mchana. Kata kwa zamu, kavu moja na mbichi moja, ndani ya muda uleule.

Sababu ya nne ni barabara. Kutoka Sange hadi Bukavu, pamoja na vizuizi na mlima, majani hukaa saa nyingi kwenye mfuko. Jani lililokatwa halijafa. Linaendelea kupoteza maji na kubadilisha kemia yake, hivyo hata majani ya mstari uliomwagiliwa hufika labo yakiwa na kiu. Barafu kwenye kisanduku husaidia, lakini dawa bora ya prolini ni kubeba mizani ndogo hadi shambani, kupima gramu 0.5 hapohapo, na kuutumbukiza mchano wa jani kwenye chupa yenye mililita 10 za asidi sulfosalisiliki ya asilimia 3. Asidi hiyo inasimamisha kazi ya jani, na kusaga kunaweza kungoja jioni.

Yote hayo yakiwa sawa na bado hakuna tofauti, kubali uwezekano wa mwisho: aina hiyo ya muwa haitegemei prolini. Zipo aina zinazojilinda kwa kufunga matundu ya majani mapema, nyingine kwa mizizi mirefu, nyingine kwa sukari nyepesi za kwenye jani. Hilo ni tokeo halali, liandike hivyo.

Dalili ya 2: Rangi nyekundu haitoki, au inatoka kahawia

Njia inayotumika zaidi ni ile ya Bates na wenzake ya mwaka 1973: mililita 2 za mchujo (maji ya jani lililosagwa na kuchujwa), 2 za ninihidrini ya asidi, dawa inayotoa rangi, 2 za asidi asetiki isiyo na maji, saa moja kwenye maji ya moto, kisha barafu, kisha mililita 4 za tolueni, na kusoma rangi kwa spektrofotomita, mashine ya kupima mwanga, kwenye nanomita 520.

Angalia ninihidrini kwanza. Mchanganyiko wake (gramu 1.25 ndani ya mililita 30 za asidi asetiki na 20 za asidi fosforiki ya molari 6) hudumu takriban saa 24 tu ukiwa ndani ya frigo. Mchanganyiko wa Jumatatu haufai Alhamisi. Na kama umeme ulikatika usiku kucha, usiutumie hata kama ni wa jana.

Kisha moto. Hapa ndipo maelekezo yaliyoandikwa ufukweni mwa bahari yanapotukwamisha. Maelekezo yanasema nyuzi 100. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya bahari na mji wa Bukavu uko juu yake, hivyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Hata uyachochee moto kiasi gani, hayazidi hapo. Goma ni hivyohivyo. Uvira, iliyo chini zaidi kando ya Tanganyika, maji yanakaribia nyuzi 97 au 98. Mmenyuko unakwenda polepole zaidi huku juu, na mtu anayetumia mstari wa viwango (vipimo vya prolini ya kiasi kinachojulikana) uliotengenezwa labo nyingine, au ulionakiliwa kutoka makala, atapata prolini pungufu kila mara na atailaumu miwa.

Suluhisho si gumu. Tengeneza viwango vyako vya prolini kila siku ya kazi, uviweke kwenye maji yaleyale, saa ileile, pamoja na sampuli. Hapo upungufu wa joto unazipata zote sawa na hesabu inajirekebisha. Kama labo ina bloku kavu ya kupashia, iweke nyuzi 100 na utumbukize kipimajoto ndani ya mrija mmoja wenye mafuta, maana kioo cha mashine kinaonyesha joto la chuma. Usifunge mirija kwa nguvu.

Rangi ya kahawia mara nyingi inatokana na sukari, na muwa una sukari hata kwenye jani. Walioruka hatua ya tolueni kwa kubana matumizi ndio wanaoipata zaidi. Tolueni hubeba rangi ya prolini kwenda tabaka la juu na kuuacha uchafu chini. Tikisa sekunde 15 hadi 20, ngoja tabaka zitengane kabisa, nyonya la juu tu. Tone moja la maji kwenye kuveti, kile kichupa cha kusomea rangi, hufanya namba ichezecheze.

Simama hapa: tolueni inashika moto na mvuke wake unadhuru ubongo na ini. Kama labo haina kabati la kufyonza hewa linalofanya kazi, usiifungue. Peleka mirija kwenye labo iliyo nalo. Asidi asetiki isiyo na maji huunguza ngozi na macho, kwa hiyo miwani na glavu ni lazima. Ikimwagika machoni, maji yanayotiririka dakika 15 na moja kwa moja hospitali. Masalia ya tolueni yawekwe kwenye chupa ya kioo yenye lebo na kukabidhiwa kwa msimamizi wa labo. Msiyamwage kwenye sinki. Mifereji ya mji huu inateremka ziwani, na watu wanachota maji pale.

Dalili ya 3: Prolini imepanda sana, lakini muwa unaonekana vibaya

Naikalia dalili hii kuliko nyingine kwa sababu ndiyo inayowafanya wakulima wapewe mbegu mbaya.

Fanya hesabu kwanza. Chukua gramu 1 ya jani bichi lenye gramu 0.3 za kitu kikavu na gramu 0.7 za maji, na ndani yake kuna maikromoli 2 za prolini. Jani likipoteza gramu 0.3 za maji, linabaki gramu 0.7. Prolini ni zilezile 2, hakuna hata moja iliyotengenezwa. Lakini ukigawanya 2 kwa 0.7 unapata 2.86 kwa gramu. Umeandika ongezeko la asilimia 43 lililoletwa na kukauka peke yake. Ndiyo maana aina inayonyauka haraka kuliko zote inaweza kuongoza orodha ya "uvumilivu".

Dawa yake: hesabu kwa gramu ya uzito mkavu. Unao tayari kutoka kwenye RWC, hauhitaji kazi ya ziada. Ongezeko likibaki kubwa baada ya hapo, ni la kweli.

Hata likiwa la kweli, uliza ni la nini. Mmea hutengeneza prolini kwa chumvi, kwa baridi na kwa magonjwa pia. Bondeni kuna sehemu zenye udongo wa chumvi, utaziona kwa utando mweupe juu ya ardhi wakati wa kiangazi. Changanya sehemu moja ya udongo na tano za maji safi, utikise, uache utulie, na upime upitishaji wa umeme. Shamba la miwa mikavu likiwa na chumvi na lile la kumwagilia halina, jaribio limeharibika na hakuna takwimu itakayolitengeneza.

Mwisho, weka prolini kando ya uvujaji wa seli. Kata vipande vya jani vyenye ukubwa mmoja, vioshe mara tatu kuondoa utomvu wa kingo, vizamishe kwenye maji yaliyotoneshwa kwa saa kadhaa, upime upitishaji. Kisha chemsha, upoze, upime tena. Namba ya kwanza gawanya kwa ya pili, zidisha kwa 100. Prolini ya juu yenye uvujaji mdogo inaelekea kwenye ulinzi. Prolini ya juu yenye uvujaji mkubwa ni kilio cha seli zinazopasuka. Kipimo hiki ni cha bei nafuu, hakina sumu, na kwa maoni yangu kila labo ya mji huu ingeanza nacho. Kosa lake la kawaida ni moja, maji ya bomba. Maji yenyewe yakisoma zaidi ya maikrosimens chache, tafuta mengine.

Dalili ya 4: MDA iko juu hata kwenye miwa yenye afya

Malondialdehidi, yaani MDA, hutokana na mafuta ya utando wa seli yanapoharibiwa na oksijeni kali. Hupimwa kwa asidi tiobabituriki, TBA, na rangi ya waridi husomwa kwenye nanomita 532.

Kwa muwa, mshukiwa wa kwanza ni sukari. Sukari nayo hushikana na TBA na kutoa rangi ya manjano yenye kilele karibu na 440 hadi 450, ambayo mkia wake unafika 532. Mwenye kupima mchicha anaweza kuisahau, mpima miwa hawezi. Soma kwenye 450, 532 na 600, kisha tumia: 6.45 × (A532 − A600) − 0.56 × A450, jibu likiwa maikromoli kwa lita ya mchujo. Mchujo ukionekana wa manjano kuliko waridi, hata hesabu hiyo inazidiwa. Punguza makali kwa maji na urudie.

Mshukiwa wa pili ni rangi ya asili. Miwa ya zambarau ina anthosiani, nayo husoma jirani na 532. Tengeneza mrija wa pili wa kila sampuli wenye kila kitu isipokuwa TBA, utoe namba yake kwenye ile ya kwanza. Hodges na wenzake walilieleza hilo mwaka 1999, na bado watu wanaliruka kwa kuwa linaongeza mirija maradufu.

Joto halisumbui hapa. Njia hii inataka nyuzi 95, na maji ya Bukavu yanachemka palepale.

Dalili ya 5: RWC inazidi 100, au inatoka hasi

Ikizidi 100, maji ya juu ya jani hayakukaushwa kabla ya kupima uzito wa jani bichi, au jani halikuachwa kushiba. Bonyeza kwa karatasi ya kunyonya, pande zote mbili, kwa nguvu ileile kila mara. Ikitoka hasi, jani lilipimwa bichi kwa kuchelewa, au lilitolewa kwenye oveni kabla ya kukauka. Rudisha nyuzi 70 hadi 80 mpaka uzito wa mara mbili mfululizo ulingane. Mizani ya kusoma gramu 0.1 haifai kwa kazi hii.

Dalili ya 6: Enzaimu hazifanyi kazi

Katalasi, peroksidasi na supaoksidi dismutasi, enzaimu zinazolinda jani dhidi ya oksijeni kali, ni protini, na protini hufa kwa joto. Ukaguzi wa kwanza si wa kemikali: uliza walinzi na wahudumu kama umeme ulikatika tangu sampuli ziwekwe kwenye frigo ya kugandisha. Acha ndani yake kikombe cha maji yaliyoganda chenye sarafu juu ya barafu. Ukikuta sarafu imezama, barafu iliyeyuka ukiwa nyumbani na ikaganda tena. Sampuli hizo zimekwisha.

Mchujo ukigeuka kahawia wakati wa kusaga, ni fenoli za muwa zinazokamata enzaimu. Ongeza PVP, unga unaonasa fenoli, kwenye bafa (maji ya kusagia), saga juu ya barafu, na usimamishe kazi nyingine zote hadi umalize.

Katalasi peke yake ikisoma upuuzi, angalia kuveti. Kipimo hiki husomwa kwenye 240, na kioo cha kawaida au plastiki huzuia mwanga huo. Inatakiwa kwatsi. Tena mashine nyingi za bei nafuu huanzia 320 au 325, kwa hiyo haziwezi kabisa. Mwenye mashine hiyo apime peroksidasi kwa gwayakoli kwenye 470, inatosha. Maji ya oksijeni ya chupa iliyofunguliwa mwaka jana nayo hayaaminiki.

Namba zikipanda na kushuka zenyewe hata kuveti ikiwa na maji matupu, mashine haijapata moto au umeme ni dhaifu. Ipe dakika 30, tumia rejilata, jaribu tena. Ikiendelea, izime na umwite fundi wa vyombo vya labo. Usifungue mfuniko kubadilisha taa mwenyewe. Ndani kuna volti zinazoua, na taa ya mwanga mkali huharibu macho.

Kwa asiye na nitrojeni kimiminika wala barafu ya uhakika, ushauri wangu ni kuachana na enzaimu. RWC, uvujaji, klorofili na prolini zilizopimwa vizuri zina thamani kuliko enzaimu sita za kubahatisha. Na anayeipata nitrojeni hiyo asiisafirishe kwenye gari lililofungwa madirisha, kwani hufukuza hewa ya kupumua bila harufu yoyote.

Dalili ya 7: Labo inasema mvumilivu, shamba linakataa

Tazama umri wa muwa kwanza. Kiu inaumiza zaidi wakati wa kuchipua machipukizi na wakati wa kurefuka kwa kasi. Ikija wakati wa kukomaa, wakulima wa viwanda huileta wenyewe kwa kukata maji wiki kadhaa kabla ya mavuno ili sukari ijikusanye. Sampuli za wakati huo hazisemi lolote kuhusu uvumilivu. Briksi, kipimo cha sukari ya juisi, nayo hudanganya kwa njia ileile ya prolini, hupanda kwa sababu maji yamepungua kwenye juisi. Pima uzito wa mashina kwa eneo, kavu dhidi ya kumwagiliwa, na uache namba hiyo iwe hakimu wa nyingine zote.

Pili, kingo za jani zilizoungua zinaweza kuwa njaa ya potasiamu. Zikianzia majani ya zamani, huku mistari iliyomwagiliwa nayo ikionyesha hivyo, peleka udongo ukapimwe.

Tatu, na hii ni hatari kuliko zote, kuna ugonjwa wa udumavu wa machipukizi unaoletwa na bakteria *Leifsonia xyli*. Hauna alama ya wazi kwa nje. Muwa unadumaa tu baada ya kukatwa mara ya kwanza, na unazidi kudumaa kiangazi, kwa hiyo kila mtu anasema ni ukame. Pasua shina lililokomaa kwa urefu kwenye fundo: vidoti vya rangi ya chungwa au nyekundu chini ya ngozi vinatia shaka, ingawa kutokuwepo kwake hakuusafishi muwa. Unasambaa kwa panga na kwa vipande vya mbegu.

Ukiona hivyo, simamisha jaribio. Usigawe mbegu kwa mtu yeyote, hata kwa ndugu. Osha mapanga kwa dawa ya kuua vijidudu kati ya mstari na mstari, na umtafute mtaalamu wa magonjwa ya mimea kupitia kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA Mulungu au kitivo cha kilimo kilicho karibu nawe, maana uthibitisho wake unahitaji hadubini maalumu au kipimo cha vinasaba. Kusafisha mbegu kwa maji ya nyuzi 50 kwa saa 2 kunawezekana, lakini kufanyike akiwepo: nyuzi mbili zaidi zinaua macho ya muwa, nyuzi mbili pungufu zinaacha bakteria hai.